Silaha za Angani na Jembe la Marui

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Pugu, akapanda vilima vya Kisarawe na kuendelea kuingia mashambani, hatimaye hufika Marui. Ni nchi ya mihogo na mikorosho, ya minazi na michungwa, na ya watu waliozoea kazi. Mazungumzo ya huko ni yale yale ya vijiji vingi vya Mkoa wa Pwani: mvua imechelewa au imezidi, bei ya korosho mwaka huu itakuwaje, barabara itapitika masika au la, mtoto aliyefaulu atakwendaje shule. Hatujapata kumsikia mzee wa Marui akizungumza habari za silaha ziwekwazo juu ya mawingu, wala hatumlaumu. Mwenye jembe mkononi hutazama ardhi.

Walakini twaandika leo kumwomba mzee yule, na mfanyakazi wa kiwandani Kibaha, na kila mwanachama asomaye ukurasa huu, ainue macho yake kidogo. Mataifa makubwa yanashindana kutafuta nguvu za kijeshi katika anga la juu. Wengi hudhani kuwa hayo ni mambo ya wataalamu na majenerali, na kwamba hasara yake, kama ipo, itawaangukia wenyewe. Sisi twasema sivyo. Hasara ya silaha za angani ni hasara ya uchumi kabla haijawa hasara ya vita, nayo hulipwa hata na mtu ambaye hajaulizwa wala hajui kwamba analipa. Mtu huyo yuko Marui.

Na tuanze kwa kutazama mkulima huyo anapata nini kutoka angani. Mwenye mikorosho hupuliza salfa alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ili kuyakinga maua na ugonjwa wa ubwiriunga. Mvua ikinyesha nyuma yake, dawa huoshwa, na fedha yake huwa imekwenda na maji. Kwa hiyo husikiliza redio itangazapo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utabiri huo hutegemea, pamoja na mambo mengine, picha za mawingu zipigwazo na setilaiti zilizo umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya dunia. Akiuza mazao yake, mara nyingi malipo humjia kwa simu au kwa benki. Na minara mingi ya simu hulinganisha saa zake na saa za setilaiti. Mpima ardhi akija kupima shamba lake ili apate hati, chombo alichoshika mkononi husoma mahali kilipo kutoka huko huko juu. Basi mkulima huyu ni mtumiaji wa anga la juu kama alivyo mtumiaji wa barabara, ingawa hakuna aliyemwambia.

Mfano mmoja watosha. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilitokea Bahari ya Hindi kuelekea pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikifuatia siku baada ya siku na kuwaonya watu. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Na tarehe 4 Mei kikafika maeneo ya Mafia kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Katika zama za babu zetu tufani ilijulikana ilipokuwa imekwisha kuupasua mtumbwi. Leo huonekana ingali mbali baharini. Jicho lililokiona kimbunga kile liko angani, na jicho hilo ndilo liwekwalo hatarini silaha zinapopelekwa kukaa jirani nalo.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwaka 1960 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar, ilikubaliana na Marekani kujenga kisiwani Unguja kituo cha kufuatilia safari za angani za mradi ulioitwa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilipokewa Unguja. Wananchi wengi walikipinga kituo kile, wakiamini kuwa ni ngome ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Karume ilitaka kiondolewe, na mwezi wa Aprili mwaka ule kikafungwa.

Yafaa tuseme kweli yote. Kituo kile hakikuwa na kombora hata moja; kilikuwa na mitambo ya redio. Katika hilo waliokipinga walikosea. Lakini chombo kilichomrusha Glenn, kiitwacho Atlas, kilitokana na kombora la Atlas lililoundwa kubeba bomu la nyuklia na kulipeleka bara jingine. Katika hilo hawakukosea kuingiwa na shaka. Mkono uliomfikisha mwanaanga angani ulikuwa ule ule uliokuwa umeshika bomu. Tangu siku hizo hadi leo hii ndiyo shida ya anga la juu: jembe na panga hufuliwa katika kiwanda kimoja, na mtu aliye mbali hana njia ya kutambua kilichomo ndani ya boksi.

Pwani yetu imeona pia upande wa pili wa habari hii. Mbele ya Malindi, nchini Kenya, Waitalia walisimamisha baharini jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru, jukwaa lile lilirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi hiyo peke yake, na elimu iliyoleta ni mali ya wanadamu wote. Neno letu limepata kuzunguka dunia pasipo kumtishia mtu. Basi hatusemi kuwa anga la juu ni uovu. Twasema kwamba limekwisha kutumika kwa heri, na ndiyo sababu yafaa kulilinda.

Sasa tuzihesabu gharama za silaha. Ziko tatu.

Gharama ya kwanza ni fedha yenyewe. Tarehe 23 Machi 1983 Rais Ronald Reagan wa Marekani alitangaza mpango wa kuunda ngao ya kuzuia makombora, ambayo sehemu yake ingekaa angani. Watu wakaupachika jina la Vita vya Nyota. Ulipofika mwaka 1993, na mpango kubadilishwa jina na sura, dola zipatazo bilioni 30 zilikuwa zimetumika, na hapakuwa na silaha hata moja ya mpango ule iliyowekwa angani kufanya kazi. Miaka thelathini na miwili baadaye wazo lilirudi. Mwezi wa Mei mwaka 2025 Rais Donald Trump alitangaza ngao mpya iitwayo Kuba la Dhahabu, yenye mitambo ya kuangusha makombora kutoka angani, akataja gharama ya dola bilioni 175. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani yenyewe ilikadiria kuwa ile mitambo ya angani peke yake yaweza kugharimu kati ya dola bilioni 161 na bilioni 542 kwa muda wa miaka ishirini.

Tarakimu kubwa humlevya msomaji, kwa hiyo tuziteremshe hadi tunapozijua. Bajeti nzima ya Tanzania kwa mwaka 2025/26, yaani mishahara, barabara, hospitali, shule, ulinzi na malipo ya madeni, ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Kwa thamani ya fedha ya wakati ule ni dola bilioni 21 na ushei. Maana yake ni kwamba makadirio yale ya chini aliyoyatangaza Rais wa Marekani yangeiendesha serikali yetu yote kwa takriban miaka minane. Au tutazame Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo gharama yake ilitajwa kuwa shilingi trilioni 6.5 hivi, sawa na dola bilioni 2.9 wakati wa mkataba. Ngao moja ya angani ni thamani ya mabwawa kama hilo yapatayo sitini.

Mtu aweza kutujibu: fedha hiyo ni ya Wamarekani, na mwenye mali hapangiwi. Ni kweli. Lakini uchumi wa dunia ni kama mto. Anayeziba juu hukausha chini. Katika mwaka 2024 dunia nzima ilitumia katika mambo ya kijeshi dola zipatazo bilioni 2,718, kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Sweden. Tarehe 1 Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lililokuwa limegharamia dawa na zahanati katika nchi nyingi za Afrika, lilikoma kufanya kazi kama shirika. Siku tatu baadaye ilitiwa saini huko Marekani sheria iliyotenga dola bilioni 25 hivi kwa ajili ya Kuba la Dhahabu. Hatusemi kwamba ni shilingi zile zile zilizotoka mfuko huu zikaingia mfuko ule. Twasema kwamba zilipimwa katika mizani moja, na mizani ikaelemea upande mmoja.

Zaidi ya hayo, silaha haizai. Jembe huzaa muhogo, cherehani huzaa nguo, bwawa huzaa umeme, na umeme huzaa kazi. Silaha ikikaa angani miaka kumi pasipo kutumika, basi mwenyewe ndio kheri yake kubwa. Na hata hapo jirani yake atakuwa ameunda nyingine ya kuishinda, naye atalazimika kuunda ya tatu. Urusi na China hazitakaa kutazama ngao ya Marekani, kama Marekani isivyokaa kutazama mitambo yao. Hii ni biashara ambayo kila mwenye duka huongeza mtaji, na hakuna mteja.

Gharama ya pili ni taka. Hapa twataka msomaji atufuate vizuri, maana ndipo maskini anapoanza kulipa moja kwa moja. Chombo kikivunjwa angani, vipande vyake haviporomoki kama vigae vya chungu kilichoanguka jikoni. Huendelea kuizunguka dunia kwa mwendo wa kilomita zipatazo saba na nusu kwa kila sekunde moja. Kwa mwendo huo mtu angetoka Dar es Salaam na kufika Kibaha katika sekunde tano au sita. Kipande cha ukubwa wa korosho, kikienda hivyo, chaweza kuiharibu kabisa setilaiti iliyogharimu mamilioni. Shirika la Anga la Ulaya hukadiria kuwa vipande vya zaidi ya sentimita moja vinavyozunguka dunia vimepita milioni moja.

Ametupa nani taka hizi? Nyingine ni masalio ya kawaida ya roketi na vyombo vilivyochakaa. Lakini baadhi zilitupwa kwa makusudi, katika kujaribu silaha. Tarehe 11 Januari 2007 China iliipiga kwa kombora setilaiti yake ya zamani ya hali ya hewa. Vipande zaidi ya 3,000 vikahesabiwa, na vilivyo vingi vitaendelea kuzunguka kwa miaka mingi. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi iliivunja setilaiti yake iitwayo Kosmos 1408. Vipande zaidi ya 1,500 vikaonekana, na wanaanga waliokuwa katika kituo cha kimataifa, Warusi wakiwamo, wakalazimika kukimbilia ndani ya vyombo vyao vya kuokoka. Marekani ilikuwa imefanya jaribio kama hilo mwaka 1985 na tena 2008, na India mwaka 2019. Hatumwoni aliye safi kati ya wanne hawa.

Hata hao si wa kwanza. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa sawa na tani milioni 1.4 za baruti, zaidi ya mara tisini ya bomu la Hiroshima. Taa za barabarani zilizimika Hawaii, kilomita 1,400 na zaidi kutoka hapo. Miali iliyobaki angani iliharibu takriban theluthi ya setilaiti zilizokuwa zikizunguka karibu na dunia wakati ule, pamoja na setilaiti ya kwanza ya Uingereza, mshirika wa Marekani mwenyewe. Siku zile setilaiti zilikuwa chache za kuhesabika. Leo zifanyazo kazi zimepita elfu kumi. Kila mtu apige hesabu yake.

Anga la juu ni kama kisima cha kijiji. Matajiri wawili wakigombana, na kila mmoja akatupa chupa zilizovunjika kisimani ili mwenziwe asichote, wao watachimba visima vingine majumbani mwao. Atakayekatwa mkono ni mama aliyekuja na ndoo yake asubuhi. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, iliyogharimu shilingi za Kenya milioni 50, ili iwasaidie watu wa kilimo na wa mazingira. Uganda ilikuwa imerusha yake ndogo mwaka 2022, Ethiopia mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2019. Taifa kubwa likipoteza setilaiti moja, lina mamia nyingine. Taifa changa likipoteza moja, limepoteza zote. Na njia inapojaa miba, gharama ya kujikinga hupanda kwa kila msafiri, tajiri na maskini kwa kipimo kimoja.

Taka hizo hushuka pia. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, pete ya chuma yenye kilo zipatazo 500 na upana wa mita mbili na nusu hivi ilianguka kutoka mbinguni. Shirika la Anga la Kenya lilisema kuwa yaelekea ni kipande cha roketi. Kwa rehema hakuna aliyeumia. Hatusemi kuwa ilikuwa silaha. Twasema kwamba ilimwonyesha mkulima wa Afrika Mashariki, aliyekuwa hajui habari za roketi, kwamba vya juu humhusu wa chini.

Na fidia je? Upo mkataba wa mwaka 1972 usemao kuwa taifa lililorusha chombo litalipa hasara kikianguka duniani. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na tanuri la nyuklia, iliangukia Kanada. Kanada ilidai dola zake milioni 6 hivi; mwaka 1981 ikalipwa milioni 3. Hiyo ni Kanada, yenye wanasheria na vyombo vya kupimia. Tena mkataba ule wasema kwamba hasara ikitokea huko huko angani, mwenye kudai lazima athibitishe kosa la mwingine. Kipande cha chuma kikiigonga Taifa-1, Kenya itathibitishaje kuwa kipande hicho ni cha fulani, na kwamba fulani alikosea? Sheria ipo, lakini gharama ya kuitumia ni kubwa kuliko mfuko wa mdai.

Gharama ya tatu ni ile ya kuwa chini ya mkono wa mtu mwingine. Mfumo wa setilaiti wa kuonyesha mahali, uitwao GPS, uliundwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Hapa twakiri tena: chombo cha kijeshi kimeleta manufaa makubwa ya kiraia, na si haki kulificha jambo hilo. Lakini tukumbuke kuwa hadi tarehe 2 Mei 2000 mwenye mfumo huo aliwapa raia wa dunia vipimo vilivyopunguzwa usahihi kwa makusudi, akajiwekea vilivyo kamili. Aliyefungua ndiye awezaye kufunga. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulikadiria kuwa mfumo huo ukikatika, nchi ile peke yake ingepoteza dola bilioni moja kila siku. Kwetu hakuna aliyefanya hesabu kama hiyo kwa sauti ya kusikika, na hilo peke yake ni udhaifu.

Si lazima setilaiti ivunjwe ndipo uchumi uumie. Tarehe 24 Februari 2022, saa majeshi ya Urusi yalipokuwa yakiingia Ukraine, mtandao wa setilaiti iitwayo KA-SAT ulishambuliwa kwa hila za kompyuta. Waliokusudiwa walikuwa Waukraine. Lakini huko Ujerumani, nchi isiyokuwa vitani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo ilikatikiwa na mawasiliano ya wasimamizi wake. Jirani asiye na ugomvi alilipa. Nasi tulionja kidogo ladha ya jambo hili, ingawa kwa sababu nyingine, pale nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ikadhoofika mno Tanzania na kwa jirani zetu. Wenye maduka na wenye ofisi wanakumbuka siku zile. Basi na tuwaze siku ambayo kinachokatika hakiko chini ya bahari, ambako meli ya mafundi yaweza kufika, bali kiko juu, mahali asipofika fundi yeyote.

Sheria za dunia zinasemaje? Tarehe 27 Januari 1967 mkataba wa anga la juu ulifunguliwa kutiwa saini London, Moscow na Washington. Msomaji wa umri wetu atakumbuka kuwa siku zile zile Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa ikikutana Arusha, katika kikao kilichozaa Azimio. Huko mbali wakubwa walikuwa wakiapa kutoweka silaha za nyuklia angani. Huku maskini walikuwa wakikubaliana kwamba maendeleo yatatoka katika kazi na ardhi yao wenyewe. Mambo hayo mawili hayakujuana, lakini yalihitajiana. Mtu hawezi kujitegemea shambani ikiwa anga lililo juu ya shamba limegeuzwa uwanja wa vita.

Mkataba ule ulikuwa mwema, lakini una ufa. Ulikataza silaha za nyuklia na nyinginezo za maangamizi kuwekwa katika mzunguko wa dunia. Haukukataza silaha za namna nyingine, wala makombora yarushwayo kutoka ardhini kuvunja setilaiti. Mwezi wa Desemba 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zote ziache majaribio hayo ya kuvunja. Nchi 155 zilikubali, 9 zikakataa, Urusi na China zikiwamo, na 9 hazikupiga kura upande wowote. Tarehe 24 Aprili 2024, katika Baraza la Usalama, Urusi ililipinga kwa kura ya turufu azimio la Marekani na Japani juu ya silaha za nyuklia angani, ikidai kuwa marufuku iwe ya silaha zote. Mwezi uliofuata Urusi ikaleta azimio lake la silaha zote; nalo likakosa kura za kutosha, Marekani na wenzake wakilikataa. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli na kumpiga nayo mwenziwe.

Wako watakaosema: dua la kuku halimpati mwewe, sisi ni nani hata tuyaamuru mataifa yenye roketi? Twawajibu kwamba kuku mmoja hana kauli, lakini kura 155 si kuku mmoja. Majaribio ya nyuklia ya hewani hayakukomeshwa na upole wa wenye mabomu. Mkataba wa mwaka 1963 ulitiwa saini baada ya dunia kupiga kelele kwa miaka mingi. Wako pia watakaosema kuwa kila taifa lina haki ya kujilinda. Lina haki. Lakini haki ya kulinda nyumba yako haikupi ruhusa ya kutega mitego katika njia ya watu wote.

Basi yatupasa nini? Kwanza, sauti ya nchi yetu katika Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika iwe moja na iwe wazi: silaha za aina yoyote zisiwekwe angani, na majaribio ya kuvunja setilaiti yakatazwe kwa sheria yenye nguvu, awe mwenyewe ni rafiki yetu au si rafiki. Pili, serikali zote za Afrika Mashariki zihakikishe kuwa zimo ndani ya mikataba ya anga la juu na ya fidia, na ziwe na wanasheria wachache waliosomea jambo hilo, ili siku chuma kitakapoangukia shamba la mtu tusianze kutafuta vitabu. Tatu, tusitundike mayai yote katika kapu moja la angani: redio za kawaida, vituo vya kupimia mvua vijijini, nyaya za baharini zaidi ya njia moja, na alama za mipaka zilizopimwa na kusimikwa ardhini vidumishwe, ili kimoja kikikatika kingine kishike. Nne, vijana wetu wafundishwe elimu hii. Mwenye kujua kusoma picha ya setilaiti hatadanganywa na yule aliyeipiga.

Haya yote ni mambo ya gharama ndogo ukiyalinganisha na kuba la dhahabu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa angani hakuna kati yetu awezaye kuujenga.

Jioni, jua likiisha kuzama nyuma ya mikorosho ya Marui, mtu aliyeketi nje ya nyumba yake aweza kuona nukta ya nuru ikikata mbingu polepole, isiyometameta kama nyota, kutoka upande huu hadi ule. Ni chombo cha watu. Pengine kinapima mawingu ya kesho, naye asubuhi atapuliza salfa yake kwa kukiamini. Pengine kinafanya kazi nyingine. Mkulima yule hana njia ya kujua, na hakuna aliyemwomba ruhusa kukipitisha juu ya paa lake. Haki yake ya kwanza ni kuambiwa kilichomo ndani yake, na haki hiyo hawezi kuidai peke yake. Sisi tuliosoma, tulio katika vyama vya wafanyakazi, na tulio na wawakilishi katika mabaraza, ndio tuwezao kuidai kwa niaba yake.